Simu Ikipotea, Je, Ndugu Naye Amepotea?



Katika kuwatembelea washirika, kuna neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi kuliko mengine: "Simu yangu ilipotea." Mtu hakufika kwenye kikao cha arusi, simu ilipotea. Hakusikia habari ya msiba, simu ilipotea. Hajui kama mama yake kule Masisi yuko hai, kwa maana simu ilipotea. Na mara nyingi ni kweli kabisa. Simu zinaanguka kutoka kwenye bodaboda. Zinachomolewa mfukoni katika foleni ya mgao. Mtoto anaitumbukiza ndani ya ndoo ya maji. Pale mahali pa kuchajia, mtu anaondoka na isiyo yake. Wengi waliofika hapa baada ya Goma kutekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 walifika mikono mitupu: simu ilinyang'anywa njiani, au iliuzwa ili wapate nauli ya watoto.

Basi hatuandiki ili kuwashitaki watu waliopatwa na hasara. Tunaandika kwa sababu ndani ya jibu hilo fupi tumeona swali ambalo halijibiwi. Simu ilipopotea, na ndani yake zilikuwemo namba za watu wanaotungoja, je, wajibu wetu kwao nao ulipotea siku ile ile? Na tunapoizoea simu nyingine, isiyo na majina yao, tunazoea kitu gani hasa?

Kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo, maana wengine wanalichanganya. Namba yako haikai ndani ya simu. Namba iko kwenye mtandao, imeandikwa kwa jina la yule aliyeisajili. Simu ikiibiwa unaweza kwenda na karatasi zako, ukapewa laini nyingine yenye namba ile ile. Hapa Uganda jambo hili lilikuwa gumu sana kwa wakimbizi. Wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mwenyeji, na ilipopotea ilibidi kumtafuta yule mwenyeji, ambaye pengine alikuwa amehamia mbali. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilikubali kwamba mkimbizi asajili laini kwa jina lake mwenyewe, akitumia kitambulisho chake cha ukimbizi au ile karatasi ya familia. Kwa hiyo kama bado unatumia laini ya jina la mtu mwingine, ndugu, shughulikia jambo hilo mapema.

Lakini kurudishiwa namba si kurudishiwa watu. Majina uliyoyaweka yalikuwa katika kumbukumbu ya simu, au katika ile laini ya zamani ambayo kwa kawaida hubeba majina kama 250. Laini mpya inakuja tupu. Wenye simu kubwa zilizofungwa na akaunti ya intaneti wanaweza kuyapata majina yao tena. Wenye simu ndogo ya tochi, ambayo vijana wa hapa wanaiita katorchi, hawapati kitu. Na tuseme kwa kupita tu: ndani ya simu hizi kuna madini yanayotoka katika koltani, na koltani nyingi imechimbwa Rubaya, kule kule Masisi ambako baadhi yetu tulikimbia. Kitu hiki kidogo tunachokililia kilitoka nyumbani kabla yetu. Hatutaki kuingia katika siasa, tunaliacha hapo.

Wazee wanakumbuka tulivyoishi kabla ya simu hizi. Waliokimbia Kivu mwaka 1996 hawakuwa na simu mfukoni. Kulikuwa na foni, ile redio ya mawimbi, ambapo unalipa, unapiga kelele, na mtaa mzima unasikia kwamba shangazi amejifungua. Kulikuwa na barua iliyobebwa na dereva au mfanyabiashara wa samaki. Kulikuwa na ile karatasi ya Msalaba Mwekundu, isiyofungwa katika bahasha, ambayo ndani yake unaandika habari za familia tu. Kazi ya kutafuta watu waliotenganishwa na vita ni ya zamani kuliko babu zetu. Msalaba Mwekundu waliianza mwaka 1870 mjini Basel, Uswisi, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Katika njia hizo zote, wewe mwenyewe ulilazimika kubeba kichwani jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, na kanisa analosali. Ndivyo ulivyoulizia.

Sasa tuna kitu kinachotukumbukia. Ni msaada, hatuusemi vibaya. Lakini jaribu, mpendwa msomaji, kabla hujaendelea na mstari unaofuata: ni namba ngapi unazijua kwa kichwa? Tuliuliza swali hili katika kikao cha viongozi wa vikundi vya maombi. Wengi walikuwa na moja, yaani ya kwao wenyewe. Mzee mmoja alikuwa na nne, na zote nne zinaanza na 243. Alisema alizikariri kama mtoto anavyokariri aya za shule ya Jumapili, kwa sababu aliwahi kunyang'anywa kila kitu kwenye kizuizi cha barabara, na aliona kwamba kichwani hawakumpekua.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliibiwa simu yetu katika gari la abiria kutoka Mbarara. Kundi la kina mama likatuchangia katorchi. Siku za kwanza ni mateso ya aina yake. Kidole kinatafuta kitufe mahali kilipokuwa. Simu inalia na hujui kama ni yako, kwa sababu ule mlio si mlio wako. Mtu anapiga, unaona namba tupu, unasema "Haloo, ni nani mwenzangu?" na yeye anakasirika kwamba mchungaji amemsahau. Kisha siku zinapita. Kidole kinajifunza. Baada ya majuma matatu unaamka usiku gizani na mkono unaifikia tochi bila kufikiri. Mwanadamu aliumbwa hivyo, anazoea.

Lakini katika majuma hayo tuliona jambo ambalo tangu siku hiyo halituachi. Simu mpya inajazwa kwa utaratibu. Nani anaingia kwanza? Anayekupigia. Wenzetu wa kazi, mashemasi, mwenye duka, ndugu wa Kampala, wanapiga, nawe unayaandika majina yao. Halafu unawatafuta wale unaowahitaji: muuguzi, fundi, yule aliyeahidi kuleta mbegu. Mwishoni mwa mwezi una majina 60, unaona kwamba simu imerudi kuwa simu. Nani hayumo? Hayumo yule asiye na vocha. Hayumo bibi wa Fizi ambaye anabipu mara moja na kungoja, kwa sababu ndivyo mlivyopatana, yeye abipu, wewe umpigie. Kama umebadilisha namba, anabipu hewani. Hayumo yule anayeazima simu ya jirani kila baada ya miezi miwili. Hayumo yule ambaye kila mara ni wewe ulimpigia, na kamwe si yeye. Simu mpya hujazwa na wenye vocha. Hakuna mtu aliyekaa na kuamua kumfukuza maskini. Alitoka mwenyewe kwa mlango ambao hatukuuona umefunguliwa.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa swali la dhamiri. Kama ningemfukuza shangazi yangu mlangoni, kanisa lingeniita. Lakini kama shangazi ametoweka tu kwa sababu kitu cha plastiki kiliibiwa, nani ataniita? Mimi mwenyewe ninaweza kusema kwa moyo safi: sikufanya neno.

Tulete mfano unaotuuma. Katika kijiji chochote cha hapa Nakivale ukikaa na watu jioni utasikia malalamiko juu ya ndugu waliopelekwa Marekani, Kanada au Australia. Tuliishi nao hema moja. Tulikula nao mahindi yale yale. Siku ya kuondoka walilia, wakasema, "Hatutawasahau." Mwaka wa kwanza walipiga simu. Mwaka wa pili kimya. Halafu mtu analeta salamu: "Anasema simu yake ilipotea, namba zote zilikwenda." Nasi tunacheka kicheko kichungu. Tunasema, nchi ile yote ina intaneti, ana dada yake hapa, kuna watu 20 kutoka kijiji chetu katika mji wake, ameshindwaje kupata namba? Tunasema, angetaka angepata. Na tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa sana mwaka 2025 maneno haya yamekuwa makali zaidi.

Angetaka angepata. Wapendwa, tuishike hukumu hii mkononi tuitazame, kwa sababu kuna watu wanaotuhukumu kwa hukumu hiyo hiyo. Kule Minembwe, kule Rutshuru, kule Baraka, kuna wazee wanaosema juu yetu: yuko Uganda, nchi yenye amani, ana simu, amekutana na watu wa kwetu wengi, angetaka angepata namba. Kwao sisi ndio tuliovuka. Sisi ndio tulio Marekani.

Neno la Mungu linatupatia watu wawili wenye kazi moja, na tunashangaa kwamba hatujasikia mara nyingi wakiwekwa pamoja. Wa kwanza ni yule mkuu wa wanyweshaji wa Farao, katika Mwanzo 40. Alikuwa gerezani pamoja na Yusufu. Yusufu alimfasiria ndoto yake, akamwomba jambo moja tu, kwamba mambo yakimwendea vizuri amtaje mbele ya Farao. Baada ya siku tatu mambo yakamwendea vizuri. Alirudishiwa kikombe chake. Maandiko yanasema hakumkumbuka Yusufu, alimsahau. Hayasemi kwamba alimchukia. Hayasemi kwamba aliapa kutomsaidia. Alizoea tu. Alikuwa na simu mpya, tungesema leo, na jina la mfungwa wa Kiebrania halikuwemo. Miaka miwili mizima ikapita, na alipomkumbuka ilikuwa siku ambayo yeye na jumba lote la mfalme walimhitaji mtu wa kufasiri ndoto.

Wa pili naye ni mnyweshaji wa mfalme. Ni Nehemia. Yeye alikuwa Shushani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Yerusalemu, katika nchi ya watu waliowatawala ndugu zake. Kazi yake ilikuwa nzuri. Hatuna sababu ya kufikiri kwamba alikuwa hajazoea. Mtu asiyezoea desturi za jumba la mfalme haachiwi kushika kikombe cha mfalme. Lakini siku Hanani na wenzake walipofika kutoka Yuda, Nehemia aliuliza. Angalieni jambo hili katika sura ya kwanza: hakungoja waseme. Aliuliza habari za watu waliosalia na habari za mji. Na alipojibiwa, alikaa chini akalia, akafunga, akaomba siku kadhaa.

Wote wawili walizoea. Kwa hiyo kuzoea si dhambi, na hapa tunataka kuwaondolea mzigo wale ambao wanaona aibu kuwa wamezoea. Kuna mama aliyetuambia kwamba anajisikia msaliti kwa sababu siku hizi anacheka. Kuna baba anayekataa kupanda mti wa parachichi mbele ya nyumba, anasema akipanda mti atakuwa amekubali kwamba harudi. Zaburi 137 inawajua watu kama hao. Walitundika vinubi vyao na kuapa kwamba hawatausahau Yerusalemu. Lakini Yeremia 29 ni barua kwa watu wale wale wa Babeli, na inawaagiza wajenge, wapande, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji waliomo. Ilibebwa na Elasa na Gemaria, njia ndefu kwa miguu na wanyama. Maana yake ni kwamba mtu aliyebaki Yerusalemu, katika mji wenye njaa na hofu, alitafuta njia ya kufikisha neno kwa waliochukuliwa. Yeremia hakusema, "Sina anwani yao." Basi panda mti wako, baba. Zoea simu yako. Tofauti kati ya wanyweshaji wawili haikuwa katika kuzoea. Mmoja alipozoea aliacha kuuliza.

Sasa mtu atasema: Mchungaji, unasema kwa urahisi. Kweli kuna mambo ambayo si rahisi, na tusiyaruke.

La kwanza ni umaskini. Mama mmoja wa kwaya yetu alitujibu hivi tulipomuuliza kwa nini hajatafuta namba ya mama mkwe wake: "Mchungaji, nikimpigia atasema ana njaa. Na mimi nina njaa. Njaa mbili zitaongea nini?" Tulikaa kimya, maana si neno la kujibiwa haraka. Tumelifikiri siku nyingi. Tunaona kwamba ndani yake kuna madeni mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Deni la kwanza ni la kusaidia. Hilo kweli linategemea ulicho nacho, na asiye nacho hadaiwi. Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 8 anasema wazi kwamba utoaji unapimwa kwa kile mtu alicho nacho. Deni la pili ni la kumjulisha mtu kwamba uko hai, na kutaka kujua kama yeye yuko hai. Hilo halipimwi kwa fedha. Yule bibi kila jioni anahesabu: wamekufa, hawajafa? Walivuka, hawakuvuka? Hesabu hiyo inamla kuliko njaa. Dakika moja ya simu inaifunga. Kumwambia "Mama, tuko hai, watoto wanasoma, sina kitu cha kukutumia" ni neno chungu, lakini amepewa kitu ambacho mtu mwingine yeyote duniani hawezi kumpa. Anayenyamaza kwa kuogopa kuombwa amekataa deni la pili kwa sababu hawezi kulipa la kwanza. Na aibu ndiyo iliyofunga kamba ile, si njaa. Tulimwambia mama yetu hivyo. Hakukubali yote. Alisema tu kwamba mama mkwe wake alikuwa mwanamke wa maneno mengi.

La pili, kuna namba ambazo ni heri zimepotea, na tunalisema hili kwa sauti ili mtu asije akatumia makala haya kumfunga mwenzake. Dada aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akabadilisha laini asipatikane, hajaasi. Kijana aliyekuwa akitafutwa na kundi lenye silaha, akaitupa laini yake mtoni, amefanya vema, na asiitafute tena. Aliyekuwa na urafiki wa siri nje ya ndoa, na Bwana akaruhusu simu iibiwe, asiende kuulizia namba ile kwa visingizio vya kusalimia. Kupotea kwa simu kunaweza kuwa mlango wa wokovu. Kwa hiyo wajibu wetu hauko kwa namba. Uko kwa watu waliotutumaini na ambao sisi tuliwapa neno. Ukitaka kupima, jiulize: kimya changu kinamlinda nani? Kama kinamlinda mnyonge, kaa kimya. Kama kinanilinda mimi nisisumbuliwe, hicho ni kimya cha namna nyingine.

La tatu ni wafu. Hili tunalisema polepole. Wako kati yetu walioweka katika simu sauti ya mtu ambaye sasa hayupo, au ujumbe wake wa mwisho. Kijana mmoja alikuwa na ujumbe wa baba yake wenye maneno mawili, "Mumefika salama?", na baba aliuawa kabla jibu halijaondoka. Simu ile iliibiwa. Kwa huyo tusiseme, "Ni kitu tu, utapata nyingine." Aliyesema hivyo hajui kilichoibiwa. Simu nyingine inaweza kuleta namba za walio hai, ukizitafuta. Ile sauti haiji nayo. Tunamwombea, na tumemshauri aandike yale maneno mawili kwa mkono wake, na tarehe yake, katika Biblia yake, pale kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo.

Basi, ni lini hasara inageuka kuwa uamuzi wetu? Hatudhani kuna siku inayoweza kuhesabiwa. Siku ya kwanza umeibiwa, na hakuna anayekudai neno. Juma la kwanza unahangaika na laini. Lakini itafika siku utakapokutana na mtu kutoka kijiji kile, sokoni Juru au kwenye ibada, na moyo utakuambia: muulize, huyu anaweza kuwa na namba. Siku hiyo ukipita bila kuuliza, wizi umekwisha. Kuanzia hapo si mwizi tena anayekutenga na shangazi yako. Sisi tunaona mpaka uko pale, katika lile swali ambalo ulimi ulikuwa tayari kulisema ukarudi.

Kwa wale wanaotaka kuuliza, tuseme njia zilizopo. Anza na watu. Kanisa letu lina watu wa Kalehe, wa Walungu, wa Masisi, wa Fizi, wa Uvira, na kati yao kila kijiji kina mtu anayejua mtu. Ukipiga namba ya zamani ya ndugu na akapokea mgeni, usimtukane wala usidhani ndugu amekufa. Mitandao huifunga namba isiyotumika kwa miezi kadhaa na kuiuza tena, na huyo mgeni hajamuibia mtu. Kama njia zote zimefungwa, nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Wanasaidia wakimbizi kupiga simu kwa familia, kupeleka zile karatasi, na kufungua ombi la kumtafuta mtu. Hawatozi fedha. Nenda umejiandaa kwa majina kamili, majina ya wazazi, mahali mlipoachana, na mwaka. Pia, ukibadilisha namba, peleka namba mpya kwenye ofisi zinazoshika faili lako, kwa maana wanapiga simu kwa namba iliyoandikwa pale, si kwa namba uliyo nayo mkononi. Huduma hiyo ni bure. Anayekudai fedha ili akubadilishie namba katika faili ni tapeli.

Na wewe uliyeokota simu ya mwenzako: soma Kumbukumbu la Torati 22, mistari mitatu ya kwanza. Sheria ile inasema juu ya ng'ombe, kondoo, punda na nguo, halafu inaongeza kila kitu kilichopotea cha ndugu yako. Kama humjui mwenyewe, unakihifadhi nyumbani hadi aje kukitafuta. Inakataza hata kujifanya hukuona. Tumesikia kwamba kuna vijana wanaookota simu, wanachomoa laini na kuitupa majanini ili simu iuzwe. Kijana, laini ile ni ndogo kuliko ukucha wako, na imebeba majina 250. Hata kama umeshindwa kurudisha simu, hiyo laini ilete. Iache kwa mhudumu wa mlangoni siku ya Jumapili, hutaulizwa swali.

Wazee wa kanisa wamekubali kununua daftari moja kubwa la kurasa nyingi. Litakaa kwa katibu, ndani ya sanduku lenye kufuli, kwa sababu si kila namba ni ya kuonwa na kila mtu. Anayetaka ataandikiwa jina lake, kijiji alichotoka, na namba mbili au tatu za watu ambao hataki kuwapoteza. Simu ikipotea, atakuja kunakili. Asiyejua kuandika ataandikiwa na vijana wa shule ya Jumapili baada ya ibada ya pili.

Tuliwaonyesha daftari hilo watu wa kwaya Alhamisi, kabla ya mazoezi. Yule mama wa njaa mbili aliliangalia jalada, akauliza kama ni la bure. Tukasema ndiyo. Akasema hana namba ya mama mkwe, ila anajua jina la mwenye duka la dawa karibu na soko la Baraka, na kwamba mama mkwe hununua dawa ya shinikizo la damu pale kila mwezi. Katibu akamuuliza aandike nini, kwa kuwa hakuna namba. Akasema, "Andika hilo duka."